Mbolea ya ghala au ya agroveti? Hesabu ya ekari moja Trans Nzoia

Kuanzia mwisho wa Januari, ukipita kwenye mashine ya kusaga unga kule kwetu upande wa Cherang'any, utasikia swali moja tu: "Wewe mbolea utatoa ghala ama duka?" Misimu mingine nimetoa ghala, mingine duka, na msimu mmoja nilitoa kote kuwili kwa kukosa subira. Acha niiweke hesabu yangu hapa, mwenye shamba la mahindi aipime na yake. Ni hesabu ya Trans Nzoia, ambako mahindi ni ya mara moja kwa mwaka. Aliye Machakos au Kirinyaga mvua zake ni mbili, kwa hiyo kalenda yangu asiifuate kichwa kichwa.

Nikisema duka namaanisha agroveti, duka la pembejeo za kilimo linalouza kwa bei ya soko. Nikisema ghala namaanisha mbolea ya ruzuku, ile inayouzwa kupitia maghala ya Bodi ya Nafaka, NCPB, na baadhi ya vyama vya ushirika. Mpango wa sasa ulianza Septemba 2022. Gunia la kilo 50 la DAP, mbolea ya kupandia, ambalo lilikuwa limefika shilingi 6,500 na kupita, likauzwa 3,500. Sisi wa huku tulicheka kidogo, maana Septemba mahindi yetu yamesimama shambani yakikauka, na hakuna mtu mwenye akili anayepanda. Agosti 2023 bei ikashushwa hadi 2,500, na hapo hata waliokuwa wakiubeza mpango wakaanza kumtafuta naibu wa chifu wakaandikishwe.

Jambo moja huwachanganya watu. Wako wanaongojea pesa kwenye simu, kwa sababu wamesikia neno ruzuku. Hakuna pesa inayokuja. Serikali inalipa sehemu ya bei kabla mbolea haijakufikia, nawe unalipa iliyobaki. Zamani kidogo ilikuwa vingine: chini ya mpango wa serikali wa NAAIAP ulioanza 2007, sehemu yake iliyoitwa Kilimo Plus ilimpa mkulima asiyejiweza vocha ya ekari moja, yaani kilo 10 za mbegu, gunia la mbolea ya kupandia na gunia la kukuzia, akaenda nayo kwa agroveti. Wakati huo ruzuku ilimfuata mkulima hadi duka la karibu naye. Siku hizi mkulima ndiye anaifuata ruzuku, na gharama nyingi nitakazozitaja zimetokana na safari hiyo.

Tuanze na bei, kwa sababu ndiyo kila mtu huanza nayo.

Ekari moja ya mahindi, kwa kipimo cha kawaida cha huku, inakula gunia moja la kupandia na gunia moja la kukuzia, ile tunayoiita topdresi. Kwa ghala hiyo ni 2,500 mara mbili, 5,000. Kwa agroveti bei hupanda na kushuka na kila mji una yake, kwa hiyo weka ya kwenu. Mimi nitasema DAP ni 6,000 na CAN, ya kukuzia, ni 4,000 ili hesabu iende. Jumla 10,000. Tofauti ni shilingi 5,000 kwa ekari.

Sasa toa safari. Agroveti iko hapo sokoni, unabeba kwa boda boda moja au hata kwa punda. Ghala kwangu ni kama kilomita 30. Tukikodi pikapu majirani watano, na kila mtu akalipia magunia yake pamoja na wa kupakia na kupakua, kila gunia linaniongezea kama 600. Ukienda peke yako kwa gunia moja, ongeza mara mbili. Kwa hiyo akiba yangu halisi kwa ekari inashuka kutoka 5,000 hadi 3,800. Mwishoni mwa 2023 NCPB ilinunua gunia la mahindi la kilo 90 kwa 4,000. Weka hizo namba mbili pamoja utaona kitu: ruzuku yote, baada ya nauli, ni kama gunia moja la mahindi kwa ekari.

Shika hilo gunia moja, kwa maana ndilo kipimo changu cha mambo mengine yote. Si kitu kidogo. Kwa mwenye ekari tano ni karo ya muhula. Lakini ni rahisi sana kulipoteza gunia moja kwenye ekari bila hata kujua ulilipotezea wapi.

Mimi nilipoteza manne. Mwaka ule ujumbe wa simu wa kuniambia nikachukue mbolea ulifika mvua ikiwa tayari imeanza. Nilienda ghala nikakuta foleni inayozunguka ukuta, na kufika saa tisa alasiri karani akatoa kichwa dirishani: "Mtandao umelala, wazee. Rudini kesho." Kesho yake mtandao uliamka, lakini DAP ikawa imeisha. Safari ya tatu ndiyo niliyopata, na kufikia hapo nauli pekee ilikuwa imekula zaidi ya nusu ya akiba yangu. Hayo bado ningeyameza. Kilichoniuma ni kwamba nilipanda wiki mbili na siku kadhaa baada ya jirani yangu aliyenunua dukani, shamba lile lile, ua mmoja tu katikati, mbegu ile ile ya H6213. Yeye alivuna magunia 20 kwa ekari, mimi 16. Sisemi yote manne yalipotea kwa kuchelewa. Viwavi jeshi pia hupenda mahindi machanga, na yangu yalikuwa machanga wakati yake yalishakomaa majani. Hata hivyo yeye alilipa 6,000 akanishinda mimi niliyelipa 2,500.

Wahenga walisema ngoja ngoja huumiza matumbo. Katika mahindi huumiza pale tu kunapokuwa na tarehe. Na hapa ndipo watu wengi hukosea wanaposema "mbolea" kana kwamba ni kitu kimoja. Mbolea ya kupandia ina tarehe: inaingia shimoni pamoja na mbegu, basi. Ya kukuzia ina nafasi. Mahindi yakifika magotini ndio wakati wake, na ukichelewa wiki moja hivi bado hujaharibu sana. Kwa hiyo ya kukuzia unaweza kuingojea ghala bila presha. Ya kupandia huwezi.

Ungedhani basi jibu ni rahisi: ya kupandia duka, ya kukuzia ghala. Nilidhani hivyo nami, nikaandika hivyo kwenye daftari, kisha nikapiga hesabu upya nikaona ubaya wake. Kwa bei nilizotumia, akiba ya DAP ni 3,500 kabla ya nauli. Akiba ya CAN ni 1,500, na ukitoa nauli inabaki 900. Yaani ruzuku imejaa pale pale ambapo kungoja kunaumiza, na pale unapoweza kungoja karibu haipo. Ukigawa hivyo umelipa duka pesa kubwa na kupanga foleni kwa pesa ndogo.

Njia ya kutoka niliionyeshwa na mzee mmoja wa kwetu ambaye simjui kukosea kwa mambo ya shamba. Yeye hununua DAP ya mwaka unaofuata akishauza mahindi ya mwaka huu, Novemba au Desemba, wakati ghala lina watu watatu na karani ana muda hata wa kukusalimia. Mbolea haiozi. Ikikaa juu ya mbao, isiguse sakafu wala ukuta, gunia likiwa limefungwa na paa halivuji, itafika Machi ikiwa mbolea. Foleni ya Machi yeye huisikia redioni.

Ni ushauri mzuri wenye tatizo moja kubwa, nalo ni Januari. Mahindi yakiuzwa Desemba, pesa hiyo tayari ina majina: karo, sare, deni la duka, michango ya harusi. Anayeweza kuzuia 2,500 kwa kila ekari ikalala katika gunia kwa miezi mitatu si yule ambaye ruzuku ilisemekana inamlenga. Hili huwa linanikera nikilifikiria. Bei ya 2,500 ni ya wote kwa karatasi, lakini anayeifaidi kikamilifu ni mwenye pesa kabla ya mvua. Asiye nayo huishia duka, kwa bei ya juu zaidi, kwa sababu duka lina kitu ambacho ghala halina: daftari la madeni.

Deni la agroveti lenyewe liangalie vizuri. Ghala ni pesa mbele, M-Pesa, hakuna hadithi. Agroveti anayekujua atakupa gunia la DAP mwezi wa tatu umlipe ukivuna. Kuna jirani alichukua gunia kwa ahadi ya magunia mawili ya mahindi. Wakati wa kuahidi ilionekana sawa tu. Wakati wa kulipa, mahindi mawili yalikuwa yamepita bei ya mbolea kwa mbali. Ukilazimika kukopa, kopa kwa shilingi, iandikwe, usikope kwa magunia. Au jiunge na kikundi cha wanaochukua pembejeo kwa mkopo wa kulipa pole pole. Tupande ya One Acre Fund, shirika lililoanzia Bungoma 2006, imeenea sana huku magharibi. Bei yao haitakuwa ya ghala, lakini unajua mapema unadaiwa ngapi.

Ubora nao ni hadithi yake. Aliyekuwa akisema mbolea ya serikali haiwezi kuwa feki alinyamaza Machi 2024, ilipofichuka kwamba baadhi ya mifuko iliyouzwa kupitia mpango wa ruzuku haikufikia viwango. Ilikuwa wakati mbaya kuliko wote, watu wakiwa wameshapanda au wako na jembe mkononi. Mambo yalifika Bungeni: mwanzoni mwa Mei wabunge walipiga kura ya kumwondoa waziri wa kilimo wa wakati huo, Mithika Linturi, na siku chache baadaye kamati maalumu ikaona mashtaka hayakuthibitishwa. Serikali ilitangaza kwamba walionunua wangefidiwa.

Je, hilo linafanya duka kuwa salama? Hapana, na sitaki mtu atoke hapa akidhani hivyo. Dukani kuna mifuko iliyoshonwa upya, kuna mbolea iliyochanganywa, na kuna ile ya ruzuku yenyewe iliyohamishiwa magunia mengine ikauzwa kwa bei ya soko. Watu wameshakamatwa kwa hilo. Tofauti ninayoiona ni kumbukumbu. Ukinunua ghalani, jina lako, kitambulisho chako na idadi ya magunia viko kwenye mfumo, na siku mambo yakiharibika uko kwenye orodha. Ukinunua dukani bila risiti, wewe na mwenye duka mtabaki kuangaliana. Chukua risiti hata kama anakujua tangu utoto. Hasa kama anakujua tangu utoto.

Kwa kote kuwili fanya jaribio dogo kabla ya kupanda. Chukua kijiko cha mbolea utie kwenye glasi ya maji. Urea itayeyuka yote na glasi itakuwa baridi mkononi. CAN itaacha vumbi jeupe la chokaa chini, hiyo ni kawaida yake. Ukiona mchanga umekaa chini ya glasi jinsi ulivyoingia, usipande, rudisha. Na usinunue ya kupimiwa kwa gorogoro kutoka gunia lililokaa wazi kama una njia nyingine yoyote. Najua wengine hawana, kwa sababu mwenye robo ekari hana haja ya kilo 50. Hao waungane wawili watatu wagawane gunia zima.

Kwa upande wa aina, duka linashinda, ingawa si kwa kiasi ambacho wenye maduka wanasema. Ghala linakupa kilichopo. Ukifika ukitaka DAP unaweza kuambiwa kuna NPK 23:23:0 tu. Usikatae kwa hasira, lakini jua unachobeba: gunia la DAP lina kilo 23 za fosfeti, la 23:23:0 lina kilo 11 na nusu. Kama udongo wako una njaa ya fosfeti, ulichopewa ni nusu ya ulichokuja kutafuta. Kwa upande mwingine, mashamba mengi ya huku yamepigwa DAP mwaka baada ya mwaka hadi udongo umekuwa chachu, yaani wenye asidi nyingi, na kuna watu ambao wangefaidika zaidi na chokaa kuliko gunia lingine la DAP, liwe la 2,500 au la 6,000. Pima udongo. Ukiambiwa weka chokaa, weka wiki kadhaa kabla ya kupanda, si siku ile ile.

Kwa kukuzia, ghala lina siri ambayo nashangaa watu hawaitumii. Urea na CAN zote ni 2,500. Gunia la CAN lina kilo 13 za naitrojeni, la urea lina kilo 23. Bei moja, chakula karibu mara mbili. Dukani huwezi kulipata hilo kwa urahisi, kwa maana bei hufuata nguvu ya mbolea. Ile akiba ya 900 niliyoidharau pale juu inakuwa kitu kingine kabisa ukibeba urea badala ya CAN. Ila urea inataka adabu: udongo uwe na unyevu, uifunike kwa jembe, usiirushe juu kwenye jua ukaondoka, itapotea hewani. Na kwenye udongo chachu CAN ni mpole zaidi, kwa hiyo kipimo cha udongo kinarudi tena hapa.

Usajili sitaukalia sana. Ni wa mtu, hauulizi hati ya shamba, kwa hiyo hata anayelima la kukodi anaandikishwa. Kinachowaangusha watu ni simu. Kuna mama jirani aliyeandikishwa kwa namba ya mwanawe kwa sababu yake haikuwa na chaji siku hiyo. Mwana yuko Nairobi. Ujumbe ukaingia Nairobi, ukakaa huko na jumbe za kamari, na mama akanunua dukani akidhani serikali imemsahau. Nenda kwa naibu wa chifu mapema, hakikisha namba ni yako, kitambulisho kinalingana, na ekari zilizoandikwa ndizo unazolima. Kufanya hivyo Februari ni nusu saa. Aprili ni siku nzima.

Sasa kuchagua. Kama una pesa kabla ya mwisho wa Februari na ghala lina mbolea ya kupandia, nenda ghala, wala usifikirie mara mbili. Kama ni katikati ya Machi, ujumbe haujafika na mawingu yanakusanyika upande wa Mlima Elgon, jiwekee siku ya mwisho. Mimi yangu ni mvua ya pili ya kweli: ikinyesha sijapata, nanunua dukani kesho yake asubuhi na sijutii, kwa maana ninachonunua ni wiki mbili na mbolea ndani yake. Kama una ekari moja au chini na ghala liko mbali, usiende peke yako kamwe. Bila pikapu ya majirani akiba yako inabaki njiani. Kama huna pesa kabisa hadi uvune, mkopo wa kikundi kwanza, deni la duka kwa shilingi baadaye, na la magunia ya mahindi usiliguse. Ya kukuzia, kwa yeyote mwenye namba iliyosajiliwa, ningetoa ghala, na ningeuliza urea kabla ya CAN. Aliyepimiwa udongo akaambiwa ni chachu abaki na CAN.

Msimu huu mimi nimemfuata yule mzee. Magunia mawili ya DAP niliyatoa Desemba, karo nikaomba shule inivumilie hadi wiki ya tatu. Yako juu ya mbao katika chumba cha kijana aliye bweni, mahali pakavu kuliko pote katika boma. Mama yake ameshaniuliza mara mbili kijana atalala wapi. Shule zinafungwa Aprili. Mvua ikija kwa wakati, chumba kitakuwa wazi.